Mikwaruzo kwenye kitako cha bunduki cha mbao kilichopakwa mafuta, naweza kuiondoa bila kukipiga msasa chote?

Kitako_cha_Walnati:

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu maana hili jambo linaniuma kweli. Nina shotgani ya mitutu miwili, kitako chake ni mbao ya walnati na kimemalizwa kwa mafuta, sio vanishi. Mbao ina ule mng'ao wa kutulia, haing'ai kama kioo, na ukiishika unasikia mbao yenyewe mkononi, na kwa kweli hicho ndo kitu kilichonifanya niipende hii bunduki tangu mwanzo. Sasa zipu ya begi ilifunguka ikiwa safarini, kitako kikawa kinasuguana na kipande cha chuma njia nzima.

Hali ilivyo ni hivi, upande wa kulia kuna mikwaruzo midogo midogo mingi kama nywele, ukiipinda kwenye mwanga ndo unaiona. Halafu kuna mmoja mrefu umekata kweli, kucha inanasa na ndani mbao inaonekana nyepesi kuliko rangi ya kitako. Na chini karibu na vile vidutu vya kushikia, ile michoro ya mifereji iliyokatwa kwenye mbao ili mkono usiteleze, kuna sehemu imebonyea, haijakatika ila imeingia ndani.

Jamaa mmoja kaniambia ninunue fila ya mbao nijaze halafu nipige polishi ya kupuliza, mwingine kasema hapo hakuna namna, ni kupiga msasa kitako chote mpaka mbao tupu halafu nianze upya. Sitaki kuanza upya kama hakuna ulazima. Maswali yangu, je naweza kutengeneza sehemu iliyoumia tu na isionekane kama kiraka? Mafuta gani nitumie, maana naona majina mengi dukani na kila mtu anasifia lake? Na pale palipobonyea panainuka kweli kwa pasi kama watu wanavyosema au ni hadithi tu?

Seremala Randa:

Mkuu pole, ila tulia, umeumia sehemu nzuri. Namaanisha kitako cha mafuta ndo rahisi kuliko vyote kutengeneza kipande kwa kipande na ntakueleza kwa nini. Vanishi inakaa juu ya mbao kama ngozi, ukitoboa ngozi ile na kupaka nyingine pale tu, mpaka wa kiraka unaonekana. Mafuta yenyewe yanaingia kwenye mbao yanagandia humo humo, na kukauka kwake sio kama maji kupotea hewani, yanashika oksijeni ya hewani taratibu yanageuka kuwa kigumu. Kwa hiyo ukipaka mapya leo juu ya ya zamani yanaungana nayo, na ukiyafifisha pembeni hamna mstari.

Lakini kabla ya yote, fungua bunduki uangalie chemba zote mbili kwa macho na kwa kidole, hamna risasi ndani, na risasi zenyewe zisiwe hata kwenye chumba unachofanyia kazi. Hili halina kujuana wala kuzoea. Toa mitutu na kile kipande cha mbao cha mbele. Kama unaweza kutoa kitako kwenye mashine yake, yaani ule mwili wa chuma wa bunduki, itakuwa vizuri zaidi, nyingi zina bolti ndefu inayopita ndani ya kitako, unaifikia ukifungua bamba la nyuma la begani, zingine zinashikwa na skrubu za juu na chini. Ila nakuomba, shotgani nyingi za mitutu ya pembeni kwa pembeni skrubu zake zina mfereji mwembamba sana, bisibisi ya kawaida haikai vizuri, inateleza na inaharibu kichwa cha skrubu au inakwaruza chuma, na hapo umeongeza kazi. Kama huna bisibisi inayokaa sawasawa kiache kitako hapo hapo, funika vyuma kwa tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi na mambo yatakwenda.

Sasa jambo la kwanza sio msasa, ni kujua jeraha limefika wapi. Chukua kitambaa cha pamba, kitie waiti spiriti kidogo, ile ya kupunguzia rangi ya mafuta, futa upande wote ulioumia. Hii inafanya kazi mbili, inatoa jasho la mikono na nta na polishi za zamani, maana mafuta hayashiki juu ya nta, halafu inakuonyesha kazi itakavyokuwa ikiisha. Angalia wakati pameloa. Mkwaruzo uliopotea ukiwa umeloa uko kwenye mafuta tu haujagusa mbao, huo hauhitaji msasa kabisa. Unaoendelea kuonekana hata pakiwa pameloa, huo umekata nyuzi za mbao.

Ile midogo kama nywele chukua pamba ya chuma ile laini kabisa, namba 0000, dondoshea mafuta matone mawili matatu usiiloweshe, sugua taratibu kwa kufuata nyuzi za mbao, usizungushe duara. Ukimaliza futa yote, na nasema yote, mpaka ukipitisha kiganja hakinati. Kesho yake angalia, kama bado rudia. Watu wengi wanaharibu hapa kwa kuacha tabaka nene wakidhani ndo kulisha mbao, mafuta mengi juu hayakauki vizuri yanakuwa kama gundi, yananasa vumbi, na kuyatoa ni shida kuliko mkwaruzo wenyewe.

Ule mrefu ndo kazi. Usichimbe kwenye mstari wenyewe, ukifanya hivo unatengeneza shimo na jicho linaona shimo haraka kuliko linavyoona mstari. Chukua msasa namba 320, ufunge kwenye kipande cha raba ngumu au kibao bapa, usitumie vidole vitupu maana vinachimba sehemu laini na kuacha ngumu. Piga kwa urefu, kufuata nyuzi, eneo pana kidogo kuliko mkwaruzo kila upande na uzidi kupunguza nguvu unavyokwenda pembeni. Huna haja ya kuufuta wote, ukibaki alama hafifu sana hatua inayofuata itaumaliza. Chukua msasa wa maji namba 400, tia mafuta, sugua pale pale. Utaona unatokea ujiuji wa mafuta na unga wa mbao, huo ni wa thamani usiutupe, ndo unaojaza vitundu vya mbao na kile kimstari kilichobaki kwa rangi ya mbao yenyewe. Ufute polepole kwa kukatiza nyuzi ili ubaki ndani ya vitundu, uache ukauke mpaka ukakamae, halafu rudia na namba 600. Baada ya hapo ni mafuta membamba tu, unapaka kwa kidole, unasugua mpaka kidole kinapata joto, unafuta, unasubiri siku nzima au zaidi.

Kuhusu aina ya mafuta. Ya kitani, wengi wanaita linsidi, yako ya namna mbili. Mabichi yanachukua siku nyingi mpaka wiki kukauka. Yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa siku hizi yanatiwa dawa za kukaushia zenye metali kama manganizi au kobalti, hayo yanakauka kwa siku moja hivi kama umepaka membamba na hewa sio baridi wala ya unyevu. Mafuta ya tungi yanatoka kwenye mbegu za mti wa asili ya China, yanagandia magumu zaidi na yanavumilia maji kuliko ya kitani. Tru-Oil ya Birchwood Casey imetengenezwa kwa ajili ya vitako, inakauka haraka, ila ukirundika tabaka nyingi inajenga ngozi juu na mng'ao mkali, kwa hiyo kama kitako chako kina mng'ao wa kutulia paka kidogo sana au uupunguze na pamba ya chuma mwishoni. Mafuta ya kula kama ya mzeituni hayakauki kamwe na oili ya mashine ndo kabisa usiisogeze. Kwa kazi yako ningechukua ya kitani yaliyochemshwa au ya tungi, basi.

Ukiweza kufanya ile ya waiti spiriti uturudishie jibu tutaendelea.

karakana_ndogo:

Mimi naona mnamzungusha tu jamaa. Kwa nini asipige msasa kitako chote siku moja, aanze na 150 amalize na 320, halafu apake poliuretheni, ile vanishi ya plastiki, tabaka tatu? Inakauka haraka, maji hayapiti, jasho halipiti, hakuna habari ya kusubiri siku nzima kila tabaka. Bunduki ni chombo cha kazi inalowa mvua inawekwa chini kwenye majani, mafuta yatamsumbua kila mwaka. Nimepaka hivo vitako vya watu na hamna aliyelalamika.

Mtunza Bunduki za Zamani:

Kaka karakana_ndogo, kwenye maji uko sahihi na nakuunga mkono, poliuretheni inazuia maji kuliko mafuta ya kitani, na kwa mtu anayeishi kwenye mvua na hewa ya chumvi ya bahari ni hoja ya maana. Ila kwa huyu ndugu sikubaliani kabisa na ningependa asome hili kabla hajashika msasa 150.

Kitako cha bunduki sio kama mguu wa meza. Mbao na chuma vimekatwa vikutane sawa, ukipitisha kidole kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma husikii ngazi, na bunduki nzuri nyingi mbao imeachwa juu ya chuma kwa unene mdogo sana. Ukipiga msasa kitako chote mbao inashuka, chuma kinabaki kimesimama juu yake pande zote, na bamba la begani linatokeza kingo. Hiyo hairudi. Mbao haiongezwi. Halafu kuna kingo zile kali ambazo fundi alizikata kwa makusudi, kwenye shingo ya kitako na pale mbao inapokutana na chuma, msasa unazifanya mviringo zinapoteza sura. Na kama bunduki ni ya zamani, hasa zile za kijeshi, kuna mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao. Ukiifuta thamani imeondoka nayo, mkusanyaji akiona tu kitako kimepigwa msasa anageuka anaondoka, anaona bora mikwaruzo yote ingekuwepo.

Na hilo la kusema mafuta yatasumbua kila mwaka, ni kweli yanataka matunzo lakini matunzo yenyewe ni tone moja na kitambaa. Poliuretheni ikikwaruzwa, na itakwaruzwa, huwezi kuiunganisha pale tu, tabaka jipya linashika juu ya la zamani kwa kung'ang'ania tu haliyeyuki ndani yake, mwishowe unaivua yote. Nimeona vitako ambavyo ngozi ya plastiki imeinuka kwenye shingo pale mkono unaposhika, maji yameingia chini yake hayana pa kutokea.

Kama hofu ni maji basi mwenye swali afanye kitu kimoja ambacho watu wanakisahau. Fungua bamba la begani, utakuta mbao ya kichwa, ile iliyokatwa kwa kukatiza nyuzi. Maji yanapita hapo kwa kasi kuliko popote kwenye kitako, maana nyuzi zote zimefungua midomo, na mara nyingi kiwandani wanapaacha hivo hivo bila kitu. Paka mafuta hapo mpaka pashibe, rudia mpaka pasinywe tena. Na kwa ndani pale kitako kinapokutana na mashine angalia kama mbao imekuwa nyeusi na laini, hiyo ni oili ya bunduki iliyotiririka miaka na miaka, bunduki ikihifadhiwa mitutu juu oili yote inashukia kwenye mbao na kuiozesha. Kama ipo isafishwe kwanza, asetoni na unga wa chokaa ya kalsiamu kaboneti iliyokorogwa kama uji mzito, unapaka, inakauka inavuta oili nje, unapangusa, unarudia. Mafuta ya kitani yakipakwa juu ya mbao iliyoloa oili ya mashine hayatakauka. Na asetoni inawaka kwa kasi, fanyeni nje.

Kitako_cha_Walnati:

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi hapa. Nimefanya ile ya waiti spiriti. Midogo yote imepotea ikiwa imeloa, nimefurahi kweli, imebaki ule mrefu na pale palipobonyea. Nimeangalia ndani mbao ni safi hamna weusi. Chini ya bamba la begani kweli mbao ni kavu tupu kama ulivyosema.

Naomba mnimalizie mambo mawili. Pale palipobonyea ni karibu sana na vidutu vya kushikia, naogopa kuviharibu kwa msasa au mvuke. Na la pili ni rangi, ule mkwaruzo mrefu ndani ni mwepesi sana kuliko kitako kingine, nikipiga msasa hapo si patabaki doa jeupe?

Bi Karakana:

Kaka habari, nijibu hayo mawili maana kazi hizi za mbao na mvuke ndo nazifanya kila siku, kwenye fanicha za zamani na vitako pia.

Kubonyea na kukwaruzwa ni magonjwa mawili tofauti. Mkwaruzo umekata nyuzi, mvuke hautaziunganisha, usijisumbue. Palipobonyea nyuzi ziko nzima ila zimeminywa, ni kama sponji iliyokandamizwa, zikipata maji na joto zinavimba zinarudi karibu na zilipokuwa. Kwa hiyo sio hadithi, inafanya kazi, ila ina mpaka, kama kitu chenye ncha kali kilibonyeza na kukata pamoja utainua sehemu tu.

Usitumie pasi nzima karibu na vidutu. Chukua kitambaa cha pamba cheupe kisichochuja rangi, kiloweshe maji safi ukikamue, kikunje kiwe kidogo kilingane na palipobonyea tu, kiweke hapo. Halafu gusa kwa kitu kidogo cha moto, ncha ya pasi au ncha ya kile chuma cha moto cha kuunganishia nyaya za umeme (soldering iron), sekunde chache tu mpaka usikie inachemka na mvuke utoke, toa. Kitambaa kisikauke chini ya moto maana kikikauka unaunguza mbao na alama ya kuungua ni mbaya kuliko kubonyea. Angalia, lowesha tena, rudia. Mara za kwanza panaweza pasibadilike sana kwa sababu mafuta ya zamani yanazuia mvuke kuingia, ndo maana kusafisha kwa waiti spiriti kwanza kunasaidia. Likigoma kabisa, wapo mafundi wanaotoboa vitundu viwili vitatu kwa sindano nyembamba sana ndani ya kibonyeo mvuke upate njia, vitundu vikivimba vinajifunga. Funika vidutu kwa tepu na usiruhusu chuma cha moto kukaribia, vile vilele vyake vinalainika kwa mvuke na ukivigusa vimelainika vinalala.

Ukimaliza usipake kitu. Acha mpaka kesho au hata siku mbili, mbao irudi ikauke sawasawa. Utakuta pamekuwa na vinywele vya mbao vimesimama, hiyo ni kawaida, pitisha msasa 400 mkavu kidogo tu uvikate halafu ndo mafuta. Watu wanaopaka mafuta siku hiyo hiyo wanafungia maji ndani.

Vidutu vyenyewe visiguswe na msasa wala pamba ya chuma, hata kidogo. Mswaki mkukuu na waiti spiriti kutoa uchafu, acha vikauke, halafu mswaki mwingine safi wenye mafuta kidogo yaliyochanganywa na waiti spiriti nusu kwa nusu, unapiga kufuata mifereji, na kabla hayajaanza kunata pitisha mswaki mkavu utoe yote. Mafuta yakigandia kwenye mifereji vidutu vinajaa na mkono unaanza kuteleza.

Sasa rangi. Ile rangi uliyoiona pakiwa pameloa waiti spiriti ndo karibu kabisa na rangi utakayopata ukipaka mafuta mara ya kwanza, kwa hiyo lowesha tena uangalie kwa makini. Ikiwa nyepesi kidogo acha, paka mafuta tabaka mbili tatu kwanza kabla ya kufikiria rangi yoyote, mafuta ya kitani yenyewe yanazidi kuwa na umanjano na giza kadri muda unavyokwenda. Ikiwa bado ni doa, mafundi wa zamani wa Uingereza walikuwa wanaloweka mizizi ya alkaneti kwenye mafuta ya kitani mpaka yanakuwa mekundu, wekundu ule unachangamsha walnati vizuri sana. Mizizi hiyo haiyeyushi rangi yake kwenye maji, ni mafuta au spiriti. Kama huipati tumia rangi ya mbao ya spiriti ya kahawia, iliyopunguzwa mpaka inaonekana haina nguvu, paka kwa brashi ndogo kwenye mstari tu, na ufanye hivo kabla ya mafuta sio baada. Jaribu kwanza chini ya bamba la begani ambapo haionekani. Giza linaongezwa, kulitoa ndo kazi.

Fila sahau. Fila hainywi mafuta, itabaki rangi yake na mafuta yatabadilika pembeni yake, baada ya muda utaona mstari mchafu. Gundi ya papo kwa papo na unga wa mbao nayo ni hivo hivo, inang'aa peke yake. Kwa shimo la kweli, lililotoa kipande, hapo epoksi na unga wa mbao ile ile ina nafasi yake, lakini kwako sio.

Na kuhusu pamba ya chuma, usichanganye na maji hata tone. Walnati ina tanini, kemikali ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma, vipande vidogo vya chuma vikibaki kwenye mbao vikapata unyevu vinaacha madoa meusi. Ukimaliza pitisha sumaku iliyofungwa kwa kitambaa juu ya kitako itakusanya vumbi lote la chuma.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito wote, matambara uliyofutia mafuta ya kitani au ya tungi usiyakunje ukayatupa kwenye pipa. Yale mafuta yanapokauka yanatoa joto, tambara likiwa limekunjwa joto halitoki, linapanda mpaka linawaka lenyewe bila moto wala cheche, nyumba na karakana zimeungua kwa hili. Yatandaze moja moja nje mpaka yakakamae kabisa au yaloweke kwenye maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Na ile pamba ya chuma yenye mafuta vivyo hivyo.

karakana_ndogo:

Sawa hilo la mbao kushuka chini ya chuma sikulifikiria vizuri, nakubali. Ila swali kwa wote, mwishoni anaweka nta au haweki?

Seremala Randa:

Anaweza, nta ya nyuki iliyochanganywa na ya karnauba inasaidia jasho na maji kidogo, lakini asubiri mafuta yakomae kwanza, wiki kadhaa, kwa sababu nilivyosema mwanzo nta ikishakaa mafuta hayashiki tena juu yake mpaka aisafishe. Kitu ambacho sishauri ni polishi za kupuliza za fanicha, nyingi zina silikoni, ikiingia kwenye mbao kila utakachopaka baadaye kinajitenga kinakuwa na macho macho, na kuiondoa ni mateso.

Kitako_cha_Walnati, fanya hivi kwa mpangilio huu, mvuke kwanza, usubiri pakauke, ndo uje ule mrefu, halafu ile midogo ya nywele iwe ya mwisho kwa sababu ule mpako wake unaunganisha upande wote uwe na mng'ao mmoja. Upande wa kushoto nao upitishe tabaka moja jembamba hata kama haujaumia, la sivyo ukishika bunduki kwenye mwanga pande mbili hazitafanana. Mbao ya kichwa chini ya bamba ipake siku zote hizo, kila ukifungua kopo ipe na yenyewe.

Na usiirudishe kwenye begi mapema. Mafuta yakionekana makavu juu bado ndani yanaendelea, sponji ya begi itanata na kuacha alama za vitundu vyake kwenye kazi yako yote. Iweke wima mahali penye hewa, pamefungwa na funguo unayo wewe, mpaka ukiweka pua karibu na kitako husikii tena harufu ya mafuta.